Banda Juu ya Bwawa

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikiyasema kwa mdomo yote niliyoyaona leo, nitafukuzwa kazi kabla sijazoea sufuria.

Hii ni nyumba ya wazee na mimi ndiye mpishi mkuu mpya. Nimeikubali kazi hii kwa sababu moja tu. Mama yangu anaishi humu tangu Januari, magoti yake yalipozikataa ngazi za kwangu. Nikajiambia, kama siwezi kukaa naye, basi nitampikia. Jiko ni zuri, halitoi moshi, na visu vina makali. Mchana nikafungua mlango wa nyuma nimwage maji, ndipo nikaona.

Kuna bwawa la samaki. Juu ya bwawa, juu ya maji yenyewe, limesimama banda la kuku kwenye nguzo nne. Sakafu yake ni fito zilizoachana. Kuku wanakula humo, wanakunya humo, na kila kitu kinadondoka majini mchana kutwa. Maji ni ya kijani, ukitia mkono huvioni vidole. Na samaki wanapanda juu wamefungua midomo.

Hao ndio perege wa mezani, Jumanne na Ijumaa. Hao ndio anaokula Mama. Kwa umri wangu huu nilidhani nimeshaona kila aina ya dharau.

Jumatano, 5 Machi

Bwawa lina mtu wake. Wazee wanamwita Kauzu kwa sababu hacheki, mkavu kama dagaa wa mwaka jana. Nimemfuata nikamuuliza kwa adabu zote nilizobakiwa nazo.

"Hivi hawa samaki wanakula mavi?"

"Hawali."

"Sasa wanakula nini?"

"Wanakula maji."

"Maji yananywewa, mzee mwenzangu. Hayaliwi."

Akaendelea kufunga wavu wake. Nikasubiri, maana mtu mzima akiulizwa swali hujibu. Akafunga fundo jingine. Nimerudi jikoni nikagonga mwiko mpaka ukapasuka mpini.

Ijumaa, 7 Machi

Mama amemla samaki mzima, akafyonza na kichwa. Ukimpa maharage anasema yanampa gesi. Ukimpa yai anasema linanuka. Nyama hana meno nayo. Samaki tu. Nimemtazama akila nikaona uchungu, kwa kuwa nilijua alichokula huyo samaki na yeye hajui.

"Mbona umenuna?" akaniuliza.

"Sijanuna."

"Umenuna tangu ulipozaliwa. Leta chumvi."

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Msimamizi. Ni kijana wa kunizaa miye, hapana, wa kumzaa mimi, hasira inanichanganya hata kalamu. Viatu vyeupe, meza nyeupe, sauti ya chini. Nimemwambia waziwazi: ama banda litoke juu ya bwawa, ama nitoke mimi. Kazi nimeshaacha tatu na zote nilikuwa na haki. Hoteli niliacha kwa ajili ya mafuta yaliyokaangiwa wiki nzima, na sijutii.

Sikutegemea afurahi. Alisimama akanishika mkono. Kumbe mwezi wa tano anakuja mgeni rasmi, mama mmoja kutoka kwa wafadhili wanaoilisha nyumba hii, na Msimamizi alikuwa halali kwa kufikiria atampitisha wapi asilione lile banda. "Mama, umenisaidia," akasema. "Wote hapa walishazoea uchafu."

Jumamosi, 15 Machi

Limehama. Kauzu aligoma kulishika, akakaa juu ya ndoo yake akitazama kama mtu aliyefiwa. Tukalibeba mtunza bustani, dobi, Msimamizi na mimi, kila mtu pembe yake, mpaka nyuma ya chumba cha kufulia. Kisha nikataka maji machafu nayo yatoke. Msimamizi akafungua bomba la chini, maji ya kijani yakaenda zake mtaroni, samaki wakabakiwa na maji ya vifundoni, na mtunza bustani akajaza mengine kwa mpira wa bomba. Nikitia mguu sasa naona kucha zangu. Msimamizi amepiga picha na kuituma kwa wafadhili.

Nimepita mbele ya Kauzu nikamsalimia kwa sauti.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Kuni za akiba zimelowa kwa kuwa kuna mtu hakufunga mlango, na kila ninayemuuliza si yeye.

Jumanne, 25 Machi

Leo wakati wa kupara samaki nimeona jambo la kunifurahisha. Nilipoanza kazi hapa, utumbo wa perege ulikuwa mrefu, mnene, umejaa uji wa kijani. Sasa ni mwembamba na mweupe kama uzi. Wamekuwa safi mpaka tumboni. Nimemwita Msimamizi aone, akaona, akasema vizuri sana huku amefunga pua.

Ijumaa, 4 Aprili

Samaki wana vichwa vikubwa kuliko miili. Nimekaanga kichwa na mkia, katikati hamna kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Mama amesukuma sahani.

"Huyu ni samaki au kichana?"

"Kula, Mama. Ndio hao waliopo."

"Nikichanie nywele?"

Hakula. Nikamletea ugali na mchuzi, akagusa mara mbili akaacha. Nimegundua pia kwamba gauni lake la maua amelipunguza mabega kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mshonaji enzi zake, sindano hazimwishi mfukoni. Nilimuuliza kwa nini, akasema lilikuwa linamvuka.

Sasa mimi si mjinga. Kila asubuhi natoa jikoni ndoo ya pumba na makombo ya mkate huyo Kauzu awape samaki. Samaki wanakonda. Pumba inakwenda wapi? Na wale wanene wanakwenda wapi, kwenye sufuria ya nani?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwita Kauzu mwizi mbele ya watu, wakati wa chai, wazee wote wamekaa barazani. Nilisema kwa sauti ambayo hata wasiosikia waligeuka.

Kauzu hakupandisha sauti. Alisema, "Twende ukawaone." Akashusha wavu, akauvuta, akawaweka wote kwenye pipa mbele yangu. Hakuna aliyekosekana. Walikuwa wamejaa tele, na wote wamekondeana, migongo imekuwa kama makali ya kisu. Chini ya bwawa pumba yangu ilikuwa imelala vilevile, imeoza, inanuka.

Hapo mtu mwenye busara angeomba radhi. Mimi nikamuuliza, "Na wewe uliona hivi, ukanyamaza?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Wanakula maji. Yale ya kijani. Uliyoyamwaga."

Nimeingia jikoni nikafunga mlango. Nina hasira na yeye mpaka sasa. Mtu ana maneno manne tu, anayaweka ndani ya kinywa kama akiba ya uzeeni, na mama yangu anakonda.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda kutazama banda kule nyuma ya chumba cha kufulia. Chini yake mvua imeweka dimbwi. Dimbwi lile, ambalo wiki nne zilizopita lilikuwa udongo mkavu, ni la kijani kibichi. Ukijani ule niliodhani nimeumwaga mtaroni umewafuata kuku.

Nikachota gilasi moja nikaiweka dirishani kwenye mwanga. Ukitulia unaona vitu vinatembea ndani, vidogo kuliko punje ya chumvi, vinaruka-ruka. Nikajaza beseni kwa maji yale, nikatia humo perege mmoja aliyekonda. Alisimama kidogo, kisha akaanza kufungua mdomo na kufumba, kufungua na kufumba, bila kupumzika. Niliporudi baada ya chakula cha mchana maji yalikuwa yamefifia na yeye bado anaendelea. Nikampasua. Utumbo mnene, umejaa, kijani.

Kwa hiyo hawakuwa wakila mavi. Kweli hawakuwa wakila. Mavi yalikuwa yanaulisha ukijani, na ukijani ndio ugali wao. Mimi nimewaosha chakula chao chote, nikasimama kando nikijisifu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Msimamizi banda lirudi. Amekataa.

"Mama, ulikuja hapa ofisini ukasema litoke."

"Nilikosea."

"Picha imeshakwenda. Wameipenda. Mgeni anakuja kuliona bwawa lile la kwenye picha."

"Samaki wanakufa njaa ndani ya picha hiyo."

"Wapeni wazee maharage mpaka mgeni aondoke. Maharage yana lishe."

Sijui nilitokaje mle ndani. Kijana amekwenda shule, amesoma lishe, anaweza kukuandikia kila kilichomo kwenye punje ya haragwe. Hajui kwamba mzee anaweza kukaa mbele ya sahani ya lishe akafa akiitazama. Mama leo amekunywa chai ya rangi na nusu andazi. Nusu. Nilitaka kurudi nimtupie aproni mezani. Nilifika mpaka mlangoni nikiwa nimeshaifungua kamba. Kisha nikafikiria nani atampikia Mama, nikaifunga tena.

Jumamosi, 19 Aprili

Mavi ya kuku yatarudi bwawani, banda likitaka lisirudi. Nimepatana na Kauzu. Atachota kwa ndoo kule nyuma kabla Msimamizi hajafika.

"Ndoo moja kwa siku," akasema.

"Nne."

"Hakuna jua."

"Jua litatoka. Mama yangu hana nafasi ya kungojea ndoo moja."

Alinitazama nikadhani atagoma. Akabeba nne.

Jumatatu, 21 Aprili

Mawingu. Ndoo nne. Nilisaidia kubeba mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Mawingu. Msimamizi amenikuta na ndoo. Amesema mpishi anayeshika mavi hawezi kushika sufuria. Kinachoniudhi ni kwamba katika hili ana haki. Nimenawa mpaka viwiko, nikaapa sitaigusa tena. Kauzu anaendelea peke yake.

Mama hajatoka kitandani. Anasema ni uvivu tu. Mama yangu hajawahi kuwa mvivu hata siku moja.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkono unauma lakini nitaandika.

Nilifika alfajiri kuwasha jiko. Nikasikia kitu nje, sauti ya midomo, kama watu wengi wanakunywa uji wa moto kwa pamoja. Nikafungua mlango wa nyuma. Bwawa zima lilikuwa midomo. Samaki wote wamepanda juu wamesimama wima, wanatweta, na maji si ya kijani wala meupe, ni ya kahawia, yananuka. Wengine walishageuka matumbo juu.

Kauzu alikuwa amesimama ukingoni na ndoo tupu. Safari hii alisema mengi kuliko mwezi mzima.

"Wanakosa pumzi. Ukijani unawatengenezea pumzi, lakini unataka jua. Hakuna jua wiki nzima. Tulichomwaga kinaoza tu, na kuoza nako kunavuta pumzi hiyohiyo."

"Tufanye nini?"

"Tuyapige maji."

Nikaingia jikoni nikatoa kila kitu chenye upana. Masinia, mifuniko, sufuria la ubwabwa. Kauzu akaingia majini na sinia, mimi na lingine, tunachota tunarusha juu, tunachota tunarusha juu, ili maji yarudi na hewa. Mtunza bustani akafungua mpira wa bomba. Kelele zile za masinia ziliwaamsha wazee. Wakatoka na mashuka mabegani, wengine na fimbo zao. Bibi mmoja aliyestaafu ukunga alivuta kiti ukingoni, akakaa akipiga maji kwa kikombe chake cha chai, taratibu, bila kusimama, na hakuna aliyethubutu kumwambia hakisaidii.

Msimamizi akafika. Alianza kutoka getini, "Nani amewatoa wazee nje na baridi hii," na mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu, jibu ambalo lingenifukuzisha kazi na kunifurahisha maisha yangu yote. Akaona bwawa. Akasimama. Kisha akaingia majini kama alivyo, na viatu vyake vile vyeupe, akaninyang'anya sinia kwa kuwa mimi mkono ulikuwa umeshachoka. Alikuwa na nguvu. Sikujua kama ana nguvu.

Tulipiga maji mpaka kulipokucha vizuri na mpira umemwaga sana. Samaki wakaanza kushuka mmoja mmoja. Waliokufa tuliwatoa kwa karai, na karai lilijaa zaidi ya mara moja. Ningesema ni kosa la mawingu. Zile ndoo nne nilizitaka mimi.

Baadaye Msimamizi alikaa kwenye ngazi ya jiko, suruali inachuruzika. Nikampa chai. Akaniambia bila mimi kumuuliza, "Nyumba ya wazee niliyoisimamia mwanzo, walinitoa kwa sababu ya picha moja ya choo. Mtu aliipiga, ikafika kwa wakubwa. Hakuna aliyekuja kukitazama choo chenyewe."

"Kwa hiyo na wewe ukajifunza kupiga picha."

Akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Mimi sikucheka. Nimemkasirikia wiki nzima kwa kudhani ana kiburi, kumbe ni hofu, na sasa sijui hasira ile niipeleke wapi. Niipeleke kwa waliomtisha, lakini hao hawaji huku isipokuwa siku za wageni.

"Lirudisheni," akasema. "Mgeni nitajua la kumwambia."

Jumatatu, 28 Aprili

Banda limerudi juu ya nguzo zake. Kauzu ameshika pembe ya kwanza. Nilimwomba radhi kwa lile neno la mwizi, mbele ya wazee walewale, wakati wa chai ileile. Akasema, "Mavi ya kale hayanuki," akachukua andazi langu.

Alhamisi, 8 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Maji yameanza kuwa na rangi ya ndimu changa.

Mama amekunywa uji, kikombe kizima, baada ya kugombana na mimi asubuhi yote. Ameketi dirishani.

Jumapili, 11 Mei

Nimekaa mlango wa nyuma nikifikiria kazi yangu, na nimekasirika upya.

Nilidhani mimi ndiye mpishi hapa. Kumbe mpishi wa kwanza ni ule ukijani, ambao peke yake unajua kupika jua. Sisi wengine wote tunapasha moto tu. Ukijani unaliwa na vile vidudu na perege, perege analiwa na Mama, vichwa na magamba tunayasaga wanakula kuku, na kuku wanarudisha chini mbolea. Mbolea inazunguka. Jua halizunguki, linapita, na kila linapopita mtu anakata chake. Samaki anakula bwawa zima, lakini sehemu kubwa inaishia katika kuogelea na kukimbizana, kinachobaki kuwa nyama ni kidogo. Mama naye anamla samaki, na kinachobaki shavuni mwake ni unene wa ukucha.

Nikamwambia Kauzu hiyo ni dhuluma. Jua lote lile, mchana kutwa, juu ya bwawa lote lile, halafu liishie kijiko kimoja kinywani mwa mama yangu?

"Na hicho kijiko nacho," akasema, "nusu anakitumia kukugombeza."

Jumamosi, 17 Mei

Mgeni rasmi amekuja. Msimamizi alikuwa amefunika banda kwa kitambaa kikubwa cha kumkaribisha mgeni, na kuku walikuwa wanatetea nyuma ya neno "Karibu". Mgeni akasimama akasikiliza. Kitu kikadondoka majini. Akauliza, "Hapo nyuma kuna nini?" Nilimwona Msimamizi akimeza mate, nikajua sasa atadanganya, nikajiandaa kusema mimi. Akakivuta kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. "Hapo nyuma ndipo chakula cha wazee kinapoanzia," akasema, akaeleza hatua kwa hatua bila kuruka. Mgeni alifunga pua mwanzoni, akasahau katikati. Mezani alikula maharage, hata hivyo. Samaki alisema wabaki kwa wazee. Sijui ilikuwa heshima au kinyaa, na nimeamua kutojali, jambo ambalo limenichukua mpaka jioni.

Jumanne, 27 Mei

Mvua zimekwisha. Maji ni kijani kizito. Kauzu anasema bado tusivue, tuwape muda. Sijabishana naye.

Ijumaa, 6 Juni

Leo tumevua. Nilimpara wa Mama mwenyewe. Mgongo wa duara, utumbo mnene, kijani. Nikamkaanga kwa chumvi na ndimu, nikampelekea chumbani.

Alikula bila kusema. Alipofika kichwani akapumzika, akafuta vidole.

"Banda limerudi siku nyingi. Mmechelewa kuvua."

"Ulijua kama lilihama?"

"Dirisha langu linatazama wapi? Nilikaa hapa miezi miwili kabla hujaja, sina kazi ila kutazama bwawa. Mvua ikizidi, kijani kinapotea, samaki wanakonda. Jua likitoka, kijani kinarudi, wananenepa. Ulipobeba lile banda nikasema haya, huyu mtoto anakwenda kuninyima samaki."

Nikasimama. "Na hukusema? Mama, umekonda mpaka umepunguza gauni. Umelala kitandani siku ngapi. Neno moja tu ungesema."

"Ningekwambia siku ile, mbele ya Kauzu na huyo kijana wako, ungefanya nini?"

Nikaketi, nikaanza kuokota miiba kwenye sahani yake.

"Ungevua aproni," akasema. "Tatu umeacha kwa hasira, hii ungeiacha kwa aibu. Halafu ningekuwa nakuona Jumapili kwa Jumapili, umekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba magotini. Samaki wangerudi tu. Wewe sikuwa na hakika."

Akarudi kwenye kichwa cha samaki wake, akafyonza jicho.

Nina hasira naye kiasi kwamba nimesimama hapa jikoni naosha sufuria ambalo limeshaoshwa. Kesho nitamkaangia mkubwa zaidi, na sitasema naye neno mpaka ammalize.